Kahawa ya Wageni

Harufu yake naijua hata kifurushi hakijafunguliwa. Kahawa iliyochumwa ikiwa bado mbichi, ikachemshwa pamoja na majani ya kunukia, ikaanikwa mpaka ikawa nyeusi na ngumu, halafu ikafungwa ndani ya ganda kavu la mgomba. Juzi binti wa Editha, dada niliyekua naye, alikuja kunitembelea hapa Mwanza akitokea Ihanda, akanikabidhi kifurushi kama hicho mbele ya majirani. "Mama mdogo, tafuna basi hata kidogo, ukumbuke nyumbani." Nikakipokea, nikashukuru, nikampitishia jirani. Watu wakacheka. "Mtu wa Karagwe asiyetafuna kahawa! Makubwa!" Nikawaambia nina meno mabovu. Uongo mtupu. Meno yangu mazima, nashukuru Mungu, na muwa naumenya kwa hayo hayo.

Kahawa ile siitafuni, na sababu ninayo. Nitaieleza, ingawa sina hakika kama mwenyewe nimekwisha kuielewa yote.

Nyie mliokulia kule mnajua desturi. Mgeni akiingia, hata kabla hajaulizwa habari za njiani, kikapu kidogo chenye kifuniko kinashushwa kutoka kilipotundikwa. Anamiminiwa punje chache kiganjani, anatafuna, ndipo mazungumzo yanaanza. Watoto wa nyumba hawapewi. Kazi yao ni kuleta maji ya kunawa, kuamkia, kisha kupotea wasije wakasikiliza maneno ya wakubwa. Sasa mimi, katika nyumba niliyokulia, nilikuwa mtoto na bado nilipewa. Vurugu zote kichwani mwangu zilianzia hapo.

Wazazi wangu walivuka kutoka Rwanda wakiwa vijana, wakawa vibarua kwenye mashamba ya wenyeji. Kila msimu mama yangu alichuma kahawa kwa mjane mmoja wa Ihanda, mama yake Editha. Akaugua akiwa hapo hapo kazini, wakamlaza ndani ya nyumba ya yule mjane, na hakutoka tena akiwa hai. Sura yake siikumbuki. Nakumbuka kilemba chake cha kijani, basi. Baada ya mazishi baba alisimama uani, kofia mkononi, akasema, "Mama Editha, nisaidie kukaa na huyu mtoto. Nakwenda kutafuta pa kuishi. Nikipata, nakuja kumchukua."

"Nenda salama, Baba Konso," yule mama akajibu. "Utamkuta."

Ndivyo nilivyoingia katika nyumba ile, sijaanza hata kung'oka meno. Nilifundishwa kumwita Mawe, kama Editha alivyomwita, maana ndivyo watu wa pale wanavyomwita mama. Lakini yeye aliniita "mgeni wetu". Na ugeni niliupata hasa! Ndizi zikipakuliwa, sahani yangu inatangulia. Majani mapya yakitandazwa sakafuni siku ya Jumamosi, mimi wa kwanza kukaa. Editha, aliyenizidi umri kidogo tu, alitumwa maji, alitumwa kuni, alitumwa kufukuza mbuzi, na mimi nimekaa nimenyoosha miguu. Jioni Mawe alifungua kikapu, akanitilia kiganjani punje moja ya kahawa. "Haya, mgeni wetu." Ilikuwa chungu, na mate yakijaa mdomoni inageuka kuwa na harufu tamu. Niliitafuna taratibu ili Editha aone.

Editha aliona, na alikuwa na mdomo. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema siku moja akiwa ametua dumu la maji, jasho linamtiririka. "Huyu wetu siku ya tatu haifiki?"

"Nyamaza," Mawe akamwambia. "Huyu ana babake. Babake anarudi."

Mimi nikacheka kimoyomoyo. Mtoto ana akili zake, jamani. Niliona wazi kwamba Mawe ananipenda mimi kuliko mtoto aliyemzaa, na ushahidi ulikuwa kiganjani mwangu kila jioni.

Kisha siku moja akaja mtu na baiskeli, simjui. Alizungumza na Mawe pembeni ya migomba, wamesimama. Nilimwona akinyoosha kidevu upande wangu. Mawe hakugeuka kunitazama. Aliitikia kwa kichwa, akasema maneno machache, yule mtu akapanda baiskeli yake akaenda zake. Jioni wakaja wanajumuiya kusali rozari, kikapu kikashushwa, kikaanza kuzunguka. Nikakinga kiganja changu kama kawaida. Kikapu kikanipita. Nikadhani ni bahati mbaya, nikasogea mbele kidogo. Kikarudi kwa mwenyewe, kikafunikwa, kikatundikwa mahali pake.

Asubuhi yake nilishtuliwa na sauti. "Wewe! Konso! Jua limefika wapi na wewe bado umelala? Amka!" Nje nilikuta jembe dogo, mpini wake umekatwa kwa kimo changu, mpya, bado unanukia mti. Pembeni yake dumu dogo. Mawe hakueleza kitu. Akatangulia shambani, sisi nyuma yake, Editha akiwa na furaha ya ajabu.

Nilichanganyikiwa. Sina neno jingine. Nilikaa siku nzima nikitafuta kosa langu. Je, ni kile kidole nilichochovya kwenye maji ya ndizi yaliyowekwa yachachuke kuwa pombe, nikakiramba? Nilisikia watu wakisema pombe imekuwa chungu. Au ni lile yai la kuku wa mwalimu nililoliiba? Nikamfuata Editha kisimani, nikamuuliza nimekosa nini.

"Hujakosa kitu," akasema, akanitwisha dumu. "Karibu duniani."

Kuanzia hapo sikuitwa tena mgeni wetu. Niliitwa Wewe. Wewe, ndizi hazijamenywa. Wewe, nani ameacha mlango wa mbuzi wazi? Siku mbuzi walipoingia kwenye maharage tulichapwa sote wawili, fimbo ile ile, mmoja baada ya mwingine. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Editha akanishangaa kwa dhati. "Sasa unalia nini? Mbona mimi silii?" Ningemwelezaje? Yeye alichapwa na mama yake. Mimi nilichapwa na mtu aliyekuwa ananipenda, akaacha.

Ndivyo nilivyoamini, na kila kitu nilikiona kwa macho hayo. Akinikalisha mlangoni kunitoa funza, ananisema kwa kutovaa kandambili, mimi nasikia kusemwa tu, mkono ulioshika mguu wangu siuoni. Akinipeleka shule na kugombana na mwalimu hadi nikaandikishwa, nafikiri anataka nisishinde nyumbani. Akinifunga kitenge chake usiku wa homa, naona anaogopa nikifa babangu atamshitaki. Jamani, mtoto akishajipangia jambo, malaika hawezi kulipangua.

Misimu ya kahawa ikapita. Nikajua kukata ndizi bila kuharibu mkungu, nikajua kulala kitanda kimoja na Editha bila kugombania blanketi. Halafu, mchana mmoja tukiwa tunaanika kahawa uani, baba akaja.

Nilimtambua kwa kofia. Alikuwa ameongozana na dada yake, shangazi niliyekuwa sijapata kumwona, mwanamke mnene mwenye kucheka hovyo. Mawe alinawa mikono, akawakaribisha ndani, akawakalisha. Mimi na Editha tukaleta maji ya kunawa, tukaamkia. Kawaida tungetoka. Mawe akasema, "Wewe Konso, kaa." Nikakaa juu ya majani, karibu na miguu ya baba.

Baba alisema amepata shamba upande wa Nkwenda. Ameoa. Nyumba ipo, ya udongo, lakini bati. "Nimekuja kumchukua mwanangu, Mama Editha. Wema wako hauna malipo, Mungu ndiye ajuaye. Lakini sitamburuza kama mbuzi. Aseme mwenyewe."

"Ni mwanao," Mawe akasema. "Mimi nina neno gani?" Akainuka, akashusha kikapu.

Akampa baba. Akampa shangazi. Mimi hapo chini akili inakimbia. Nilikuwa nimeshaielewa kanuni ya nyumba ile, au nilidhani nimeielewa: kahawa wanapewa wanaopendwa. Na sasa, kama kweli hataki niondoke, atanipa. Hata punje moja, kama zamani. Akinipa, nabaki. Niliamua hivyo kabisa, nikakinga kiganja mbele ya watu wote.

Mawe akaukwepesha mkono wake. "Wewe!" akanikemea, na sauti yake ilikuwa na kitu nilichokuwa sijawahi kukisikia. "Tangu lini mtoto wa nyumba akala kahawa ya wageni? Nimekulea hivyo?"

Shangazi akaacha kucheka. Baba akaacha kutafuna. Alimtazama Mawe, kisha akatazama chini, akaanza kuzungusha kofia yake magotini. Yeye alikuwa ameishi katika ardhi ile miaka mingi, aliyasikia yale maneno yalivyosemwa. Wote mle ndani waliyasikia, hata Editha aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango. Mimi peke yangu ndiye niliyesikia kwamba nimenyimwa.

"Konso," baba akauliza kwa upole, kama mtu anayetarajia jibu jingine, "twende, au unabaki?"

"Twende," nikasema.

Mawe alikuwa anafunika kikapu. Kifuniko kikamponyoka, punje zikamwagika kwenye majani. Akapiga magoti akaziokota moja moja, na hakuna aliyemsaidia maana hakuna aliyejua kama inafaa. Akasema bila kuinua uso, "Editha, mtafutie mwenzako gauni la kanisani. Na kandambili. Asisahau kandambili."

Tulipanda lori la mnunuzi wa maharage. Nilikaa juu ya magunia katikati ya baba na shangazi, na jambo la kushangaza ni kwamba sikulia. Nilikuwa nimeshinda, sivyo? Nimemwacha asiyenitaka, naenda kwa anayenitaka. Lakini kila lori lilipopanda kilima nilijikuta nahesabu kazi za jioni: sasa Editha anamenya ndizi peke yake, sasa anakwenda kisimani, na dumu langu dogo nani amelichukua?

Mama wa kambo alinipokea vizuri mno. Mnisamehe wale mnaosubiri mama wa kambo wa kwenye hadithi, wangu hakuwa hivyo. Alinipa maji ya moto nioge. Alinitandikia mkeka mpya. Sahani yangu ilitangulia. Nikiinuka kushika ufagio ananipokonya: "Acha, mgeni, pumzika." Alikuwa na mtoto wake aliyekuja naye, Veneranda, wa kimo changu. Huyo alitumwa kutwa kucha. Veneranda, maji! Veneranda, mtoto mvivu wewe, ndizi zinaungua! Na Veneranda ananiangalia kwa kinyongo, mimi nimekaa nimenyoosha miguu.

Ile sura yake ya kinyongo nilikuwa nimeiona mahali. Ilinichukua siku kadhaa kukumbuka ni wapi. Kisha asubuhi moja mama wa kambo alimchapa Veneranda kofi la mgongo kwa kuvunja chungu, na hapo hapo akamvuta akamkagua vidole kama vimekatwa na kigae, anamsema na kumpuliza vidole kwa pamoja. Mimi nikawa nimesimama na chungu kingine kizima mkononi, na nikamwonea Veneranda wivu. Nilikiachia kile chungu. Nakwambia kweli, nilikiachia makusudi, kikavunjika vipande.

"Pole, mgeni," mama wa kambo akasema. "Si kitu. Veneranda, njoo ufagie."

Nililia kwa sauti kubwa mpaka baba akatoka shambani mbio akidhani nimeumwa na nyoka. "Una nini?" Nikasema, "Nataka nyumbani."

"Nyumbani ni hapa, mwanangu."

"Nyumbani kwa Mawe."

Baba akakaa chini kwenye ukingo wa baraza. Hapo ndipo akaniambia kuhusu yule mtu wa baiskeli. Alikuwa ametumwa na yeye. Alitumwa aseme kwamba baba ameoa, mambo magumu, hana uwezo wa kunichukua na hajui lini atakuwa nao. "Nilimtuma aombe samahani. Mama yako yule alimjibu, 'Basi mwambieni asihangaike. Nilikuwa nakaa na mtoto wa mtu. Kama ndivyo, kesho nitampa jembe.'" Baba akafuta uso kwa kofia. "Nilifikiri umekwisha kuelewa. Uliposema twende, mimi mwenyewe nilichanganyikiwa. Nikasema labda damu imeita."

Damu! Damu haikuita kitu. Ni punje moja ya kahawa.

Alinirudisha yeye mwenyewe. Tuliingia Ihanda jua linaelekea kuzama, na Mawe alikuwa uani anakusanya kahawa iliyoanikwa. Alituona kuanzia kwenye migomba. Hakukimbia kuja, hakupiga vigelegele. Alimwamkia baba, akampokea mzigo, akamwelekeza ndani kwenye kiti. Mimi nilibaki nimesimama uani na kandambili zangu, sijui atanifanyaje. Je, kama atasema karibu? Niliomba Mungu asiseme karibu. Akapita mbele yangu, akaingia jikoni, akatoka na dumu dogo.

"Mtungi mtupu tangu uondoke," akasema. "Wewe, unasubiri nini? Giza linaingia."

Nikalipokea. Nilikwenda kisimani nikikimbia, nacheka na kulia, na Editha nyuma yangu anauliza kama huko Nkwenda nimepata wazimu.

Basi mkinipa kahawa ya kutafuna na mimi nikaikataa, msinione naringa. Nilijiapia siku ile kwamba kikapu kile hakitanipata tena. Na kwa miaka mingi hakikunipata. Niliolewa, nikahamia huku ziwani, nikawa narudi Ihanda na watoto wangu, na kila nikifika Mawe ananiuliza kwa nini nimekonda na kunitupia kisu cha kumenyea ndizi. Mume wangu alipewa kahawa. Mimi, kisu.

Lakini mara ya mwisho nilipokwenda, mwaka huu kabla hatujamzika, alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, macho yamefifia na kumbukumbu zimemtoka. "Shikamoo, Mawe," nikamwambia, nimepiga magoti.

"Marahaba. Karibu, mgeni." Akageuza uso ndani. "Editha! Mletee mgeni kahawa."

Editha alitoka akasimama, akanitazama. "Mawe, huyu si Konso? Konso wako."

"Mgeni ametoka safari ndefu, wewe unaleta maneno. Leta kikapu."

Kikaletwa. Alipapasa kifuniko, akapapasa kiganja changu, akanitilia punje, na safari hii hazikuwa moja. Ningefanyaje? Nilitia mdomoni. Uchungu ule ule, na nyuma yake ile harufu tamu. Niliumia kama nilivyoumia kikapu kiliponipita, nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilishangaa kwamba kupewa na kunyimwa vinaweza kuumiza mahali pale pale. Sikuweza kukaa. Nikaingia jikoni, nikachukua dumu.

"Mgeni hachoti maji!" nikamsikia nyuma yangu akigomba. "Editha, huna haya? Unamtuma mgeni!"

Kisimani nililia hadi nikamaliza. Nikanawa uso, nikajitwisha, nikapanda kilima polepole maana magoti si yale. Mawe alikuwa bado mlangoni. Akasikia dumu likitua, akainua kichwa, akatega sikio maji yalivyokuwa yakimiminika mtungini. Kama alinijua sijui, na Editha naye hajui, tumelijadili sana.

"Dumu moja?" akasema. "Na wenzako wataoga nini, wewe?"

Nikatema kahawa, nikarudi kisimani.